Naomba ushauri: mama yuko kwenye mionzi, nami nina mchujo wa mbio

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Mimi ni binti wa miaka 19, mkimbiaji wa mita 5,000 na 10,000, mazoezi nafanyia Arusha. Mama amegundulika ana saratani ya shingo ya kizazi, ameanza mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Anapigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na dripu ya dawa mara moja kwa wiki. Siku ya dripu ndiyo mbaya, hata uji wa ulezi haukai tumboni. Baba hatunaye, kaka yuko kazini Geita, kwa hiyo wa kumuuguza ni mimi, niko naye huku Dar.

Nimejaribu kuamka saa kumi na moja alfajiri nikimbie kabla ya kumpeleka. Joto la huku si mchezo kwa mtu aliyezoea baridi ya Arusha. Mwendo ambao kule ni wa kupasha misuli tu, huku unanikata pumzi. Na kusema kweli, miguu inakimbia, akili iko kwa mama. Kocha anajua tu kwamba mama anaumwa. Ugonjwa wenyewe mama hataki utajwe.

Mchujo wa mkoa ni mwezi ujao. Mliowahi kuuguza huku mnashindana, mlipunguza mazoezi kiasi gani bila kupoteza kasi? Na kocha nimwelezeje uzito wa hali bila kutoa siri ya mama? Mama mwenyewe ananisukuma niende kwenye mchujo, mimi ndiye nasita.