Bega linachomoka kila nikidandia mlango wa daladala: upasuaji wa kamera au wa kuhamisha mfupa?

konda_rangitatu

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni konda, Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, miaka 24. Bega langu la kulia linachomoka, nimeambiwa nikapasuliwe, nimekwama. Naomba waliopitia waniambie, wale wa "jirani yangu aliwahi" wakae pembeni kwanza.

Ilianza miaka mitatu nyuma kwenye ndondo. Nipo golini, nikaruka kupangua mpira, mkono ukabaki nyuma, beki wangu mwenyewe akaniangukia. Nilisikia kama mtu kachomoa plagi ukutani. Bega likawa bapa, kwa mbele limetokeza donge. Zahanati moja (jina naliacha) wakalivuta likarudi, hawakupiga hata picha, wakanifunga kitambaa shingoni, wakanipa diklofenaki za maumivu, wakasema wiki mbili. Siku ya tisa nilikuwa mlangoni naita abiria.

Toka hapo limejizoesha. Limetoka nikivua fulana. Limetoka usingizini, nimelala mkono uko juu ya kichwa. Lakini zaidi ni mlangoni: gari inaondoka, mimi nadandia, mkono wa kulia umeshika bomba la juu, mwili unavutwa nyuma, basi. Juzi pale Mtongani lilitoka gari imejaa mpaka ngazini. Nikalidaka bega kwa mkono wa kushoto, nikasahau kwamba mkono huo ndio wenye hela. Noti zote zikaachia, zikapeperuka Barabara ya Kilwa, bodaboda wakashuka kuokota. Walirudisha nusu, niwashukuru. Suka akapaki, akanilaza siti ya nyuma, akavua kiatu, akanitia kisigino kwapani, akavuta. Likarudi kwa mlio, abiria mmoja akapiga makofi.

Nimeenda hospitali kubwa. Daktari kauliza limetoka mara ngapi, nikasema kama mara sita. Akasema kuna njia mbili, moja ya matundu na kamera, nyingine ya kuhamisha mfupa, ataamua akiona CT skani. Foleni ilikuwa mpaka koridoni, aliongea haraka, nikashika nusu. Tofauti yake ni nini? Nikiacha hivihivi inakuwaje? Na nakaa nje muda gani? Mimi sina mwajiri wa kunipa likizo. Nikikosekana gari inapewa deiwaka, na deiwaka akishazoeana na suka, mimi ndiyo nimeshashuka kituoni. Mama naye hataki kusikia habari ya nusukaputi.

Babu_Mkaa

Dogo usikubali kukatwa. Kuna mzee huku Mkuranga anachua kwa mafuta ya ufuta, siku saba tu bega linakaa. Kisu kikishaingia mwilini mambo hayawi yaleyale.

fizio_mgogo

Babu, shikamoo, ila hapo kwenye mafuta tutapishana. Nitafika.

Konda, mdogo wangu, mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Dodoma, mwaka wa tisa kazini. Sipasui mtu. Mimi napokea waliopasuliwa, na pia wale waliokataa kupasuliwa mpaka wakachelewa, kwa hiyo nakupa ninachokiona kwa upande wangu.

Jua kwanza bega limekaaje. Nyonga ni tufe ndani ya bakuli. Bega ni tufe juu ya kisosi. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, pale kinapokaa kwenye kombe, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, ni padogo na hapana kina. Ndiyo sababu mkono unaweza kujikuna mgongoni na kuanika nguo, na ndiyo sababu bega linateguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Kisosi hicho kimezungushiwa ukingo wa gegedu, yaani mfupa laini, unaokiongezea kina kidogo. Ulipoangukiwa golini, kichwa cha mfupa kilitokea mbele kikaung'oa ule ukingo. Mwingereza mmoja, daktari Bankart, aliliandika jeraha hilo mwaka 1923, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Upasuaji wa kamera ndio unaolishughulikia: matundu madogo mawili matatu, nanga ndogo zenye nyuzi zinazamishwa kwenye mfupa, ukingo unavutwa unashonewa mahali pake.

Sasa Babu, mafuta ya ufuta yanalainisha msuli, sikatai, hata mimi nachua watu. Lakini hayashoni gegedu lililong'oka. Mazoezi yangu pia hayashoni. Yanasaidia sana wale waliozaliwa na viungo vilegevu, wanaojikunja kama wanasarakasi. Kwa aliyeanguka akang'oka ukingo, na bado kijana, misuli peke yake mara nyingi inashindwa. Aliyeteguka mara ya kwanza akiwa chini ya miaka 20, kurudia ndiyo kawaida. Kwa miaka 21 ya wakati ule, wewe hukuwa mbali.

Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hiyo "kama mara sita". Kila bega likitoka, kichwa cha mfupa kinasaga mdomo wa mbele wa kisosi. Na chenyewe, kwa nyuma, kinabonyezwa na huo mdomo kinapata shimo. Shimo hilo linaitwa Hill-Sachs, majina ya wataalamu wawili wa eksrei wa Marekani waliolieleza mwaka 1940. Ukirudia na kurudia, kisosi kinamegeka, na hapo kushonea ukingo ni kama kupiga lipu mahali ambapo tofali lenyewe limedondoka. Wapasuaji wengi wakikuta kimepotea kama asilimia 20 hadi 25 ya upana wa kisosi, wanaiacha njia ya kamera na kwenda kwenye hiyo ya kuhamisha mfupa. Ndiyo CT skani anayoitaka daktari wako, anataka kupima kilicholika. Kwa hiyo kaa chini uhesabu upya, na weka hata zile nusunusu, lilipoteleza likajirudia lenyewe. Wewe ni konda, hesabu unaijua.

Ya kuhamisha mfupa inaitwa Latarjet, kwa jina la Michel Latarjet, daktari wa Lyon, Ufaransa, aliyeieleza mwaka 1954. Weka kidole chini ya mtulinga, karibu na bega, bonyeza ndani. Kuna kijipembe cha mfupa, kinauma kidogo. Hicho kinakatwa pamoja na kano zilizoshikamana nacho, kinapelekwa kwenye mdomo wa kisosi uliomegeka, kinafungwa kwa skrubu mbili. Kisosi kinapanuka, na zile kano ukiinua mkono na kuupeleka nyuma zinakaza mbele ya kiungo kama mkanda. Kuinua mkono na kuupeleka nyuma ndiko kudandia kwenyewe.

Nadhani daktari alikulaza, akainua mkono wako kama mtu anayeapa mahakamani, akauzungusha nyuma polepole? Basi hakuwa anaangalia bega, alikuwa anaangalia uso wako. Mwenye bega kama lako anakunja uso na kumshika daktari mkono kabla halijatoka.

Na suka wako mpe pole, njia ya kisigino kwapani ni ya enzi za Hippocrates wa Ugiriki ya kale, ila mwambie aache. Mfupa unaweza kuvunjika, na kuna mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiungo. Likitoka tena, angalia ngozi ya nje ya mkono karibu na bega: ikifa ganzi, au kiganja kikiwa cha baridi, usimngoje mtu yeyote, nenda hospitali hivyohivyo. Hujawahi kuanguka kifafa au kupigwa shoti? Mwambie daktari kama imewahi kutokea, inabadilisha hesabu zote.

mzaramo_halisi

Mie nauliza tu, kuning'inia mlangoni si ni kosa barabarani? Trafiki angekuwa anakukamata kila siku bega lingekuwa zima.

konda_rangitatu

@mzaramo_halisi trafiki wananikamata, ila si kwa hilo.

@fizio_mgogo dada, umenikunja kweli, yaani uso niliukunja vilevile. Kifafa hapana, shoti hapana.

winga_14

Niaje ndugu. Mimi niko Nakuru, huku tungekuita makanga. Nilikuwa nacheza raga, namba 14, na nimefanyiwa zote mbili kwa bega moja, kwa hivyo nina haki ya kuongea.

Ya kwanza ilikuwa ya kamera. Bega lilikuwa limetoka mara tatu hivi. Nilipasuliwa asubuhi, kesho yake nikaenda nyumbani na vitundu vitatu, bandeji ndogo hata mtoto angecheka. Miezi sita nikarudi uwanjani. Mwezi wa kumi na nne jamaa wa kilo mia na kitu akanibeba, nikatua na mkono umetanda. Nilijua kabla sijainuka. Picha zikaonyesha mfupa umelika, daktari akasema sasa ni Latarjet, na akanieleza waziwazi kwamba kwa mchezo wangu labda tungeanza nayo.

Ya pili ni kubwa zaidi, sitakudanganya. Kovu lake ni refu kama kidole cha kati, kwa mbele, linashuka kuelekea kwapa. Wakati wa upasuaji hujui kitu. Mimi walinipa nusukaputi na pia sindano ya ganzi shingoni, mkono ukalala mpaka usiku. Ganzi ilipoisha saa nane ya usiku ndiyo nikajua nimepasuliwa. Kumeza dawa kabla ganzi haijaisha ndiyo siri, nesi aliniambia nikampuuza.

Wiki mbili nililala nimekaa kitini, mito pande zote, kwa sababu ukilala chali bega linavuta. Mkono ulikuwa shingoni wiki nne. Halafu fizio. Mwezi wa tatu nilikuwa nainua mkono hadi juu bila woga, na huo woga ndio nilikuwa nimeusahau kwamba upo, unaishi nao mpaka unadhani ni tabia yako. Kitu kimoja sikurudishiwa: kuzungusha mkono nje kabisa. Naukosa kidogo, kama digrii kumi. Kurusha mpira wa laini sirushi vizuri, lakini matatu nadandia. Skrubu ziko ndani hadi leo na hazisumbui. Kuna watu huwasumbua wakatolewa.

Kazi ya mezani ningerudi wiki ya tatu. Ya kudandia, mimi ningesema miezi minne na zaidi, na daktari aone picha kwanza kwamba mfupa umeshika. Ukirudi siku ya tisa kama ulivyofanya, hizo skrubu utazing'oa.

Babu_Mkaa

Haya, mimi nimesoma. Ila mafuta ya ufuta mkiyakejeli mtayakumbuka.

fizio_mgogo

Babu hatuyakejeli. Wiki ya nane, kovu likishakauka, mwambie yule mzee aje, na mimi nitakuwepo.

konda_rangitatu

Wakuu, mrejesho. Ni siku 19 toka niandike.

Kwanza hesabu. Nilikaa na suka kijiweni tukaanza kukumbushana. Yeye anakumbuka nisizozikumbuka, ile ya usiku wa mvua Zakhem, ile niliyosema nimeteleza tu. Mama naye akaongeza za nyumbani. Zimefika 14, ukiweka nusunusu. Nilimwambia daktari sita! Nilipomrekebishia akavuta karatasi akakata ile 6, akaandika 14, akaizungushia duara.

CT nimepiga. Alinigeuzia kompyuta. Wanaweza kuufuta mfupa wa mkono kwenye picha ukabaki mtupu ule wa kombe, ukautazama kwa mbele. Wa bega lisiloumia unafanana na yai. Wangu ni yai lililokatwa ubavu kwa kisu, limenyooka kabisa upande wa mbele. Nilipiga picha kwa simu nikamwonyesha mama. Alikaa nayo muda, akaikuza kwa vidole, akauliza, "Na hiki kipande kilichokatika kiko wapi?" Nikamwambia kimesagika. Hajasema ndiyo, lakini habari za nusukaputi hajazirudia, na jana kaniuliza kama wodini wanaruhusu kuleta uji.

Kwa hiyo ni Latarjet. Bima sina, tunachanga. Kijiwe kimetoa daftari, na bodaboda mmoja wa Mtongani amechanga elfu tano, sijamuuliza kama ni zile zile.

Tajiri wa gari nilimfuata nyumbani na hiyo picha ya yai. Amekubali deiwaka ashike miezi mitano, nikirudi nianze kwa kukaa ndani, siti ya mlangoni, nakusanya kwa mkono wa kushoto. Nimeshaanza kujizoesha. Suka ananicheka, ananiita abiria. Tatizo nikiwa nimekaa ndani sauti haitoki, "Kariakoo Kariakoo" inasikika kama naongea na simu.

@winga_14 kaka, nimebakiza moja. Hizo wiki nne mkono uko shingoni na joto la Dar unalijua. Kwapa ulikuwa unaoshaje?

winga_14

Haha, swali la maana kuliko yote na hakuna daktari aliyeniambia. Vua kile kitambaa, inama mbele kama unaokota sarafu, mkono mzima umeshikilia ukuta. Ule mbovu uache uning'inie wenyewe kama kamba, usiuinue kwa nguvu zake. Kwapa linafunguka. Mtu akupitishie kitambaa chenye maji ya sabuni, alikaushe vizuri, kovu asiliguse. Mimi alinioshea dadangu na hadi leo ananidai.

Na nunua mashati ya vifungo mapema. Mkono mgonjwa unaingia kwanza kuvaa, unatoka mwisho kuvua. Fulana ya kuvalia kichwani nilijaribu wiki ya pili, nikakwama ndani yake dakika kama kumi, nikangoja mtu arudi kutoka sokoni.