Gari inakunywa maji lakini chini pakavu, fundi anasema gasketi

Kagari_Kadogo:
Wakuu habari za saizi, naombeni msaada kabla sijaliwa hela zaidi. Nina kagari ka Kijapani ka cc 1300, niko Dar. Kila baada ya siku tatu nikifungua rejeta asubuhi naongeza kama nusu lita ya maji, lakini nikiangalia chini pakavu kabisa, naona tu yale matone ya AC. Wiki iliyopita naenda Iringa, pale Kitonga nimekaa nyuma ya lori mshale wa joto ukapanda hadi karibu na H, nikazima AC ukashuka wenyewe, mbele kidogo ukapanda tena. Alafu asubuhi nikiwasha nasikia gluglu gluglu nyuma ya dashibodi kama kuna mtu anasukutua mdomo.

Fundi kanibadilishia rejeta, haikusaidia. Akatoa thamostati (ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto) akasema nchi za joto haina kazi, haikusaidia. Sasa anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, laki nne na nusu. Nifanyaje?

Sina_Haraka:
Tembea na dumu mkuu, ndo maisha hayo 😂

Spana_Kumi:
Mdogo wangu hedi isiguswe kwanza. Nijibu mawili, unaongeza maji gani, na lile kopo la akiba linashuka au lipo palepale?

Kagari_Kadogo:
Ya bomba, yakikatika naweka ya kisima. Kopo halishuki mzee, liko kwenye F toka mwezi uliopita, ndo maana nilijua mfumo uko sawa.

Spana_Kumi:
Hapo ndipo ulipodanganyika, na wengi wanadanganyika hapohapo. Injini ikipata moto maji yanatanuka yanasukuma mfuniko yanaingia kwenye kopo, ikipoa yanasinyaa na rejeta inatakiwa ivute maji kutoka kwenye kopo. Kama kuna tundu mahali, hata kama la sindano, inavuta hewa kupitia pale badala ya kuvuta maji, kwa hiyo rejeta inapungua na kopo linabaki limejaa. Au ile valvu ndogo ya katikati ya mfuniko imekufa. Kwa hiyo gluglu yako ni hewa inapita kwenye rejeta ndogo ya hita, na mshale unacheza kwa sababu sensa ya joto dakika hii imezungukwa na maji dakika ijayo imezungukwa na hewa.

Pili, maji matupu ndo yanakuficha. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ikivuja inaacha ganda la rangi, pinki au kijani, na harufu ya utamu utamu. Maji ya bomba yakidondokea eksozi ya moto yanakauka kabla hayajafika chini, hayana rangi hayana harufu, utapiga magoti mpaka usiku huoni kitu.

Tafuta gereji yenye pampu ya kupima presha, ile ya mkono yenye geji inafungwa pale kwenye mdomo wa rejeta. Mfuniko wako utakuwa umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha yake, pampu mpaka hapo usizidishe, uache robo saa. Ipime ikiwa BARIDI kwanza, maana klipu na mipira vikiwa baridi vimesinyaa, kuna uvujaji unaoonekana wakati huo tu, injini ikipata moto unajiziba.

Na gasketi si ya kukisia. Asubuhi injini ya baridi fungua mfuniko (BARIDI narudia, watu wameungua nyuso) presha itoke, funga tena, washa. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu ndani ya dakika moja kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ukiwasha mfuniko ukiwa wazi, mapovu peke yake yasikutishe, hewa iliyobaki baada ya kubadilisha rejeta nayo inatoa mapovu, ila hiyo inaisha, ya gasketi haiishi.

Bandarini_001:
Mimi niko Mombasa, yangu ilikuwa hivyohivyo na haikuwa gasketi. Pasa mkono chini ya kapeti upande wa abiria, ikiwa kumelowa na kioo cha mbele kinafanya ukungu wa mafuta mafuta usiofutika, basi rejeta ya hita ndiyo inavuja ndani ya gari. Sisi huku pwani hita nani anaiwasha, inaozea humo miaka mtu hajui. Tena wewe iwashe hata kama unatoka jasho, mshale ukiwa juu na hita inatoa upepo baridi jua maji hayafiki, kuna hewa. Kaangalie na wota pampu pia, ina kitundu kwa chini, pakiwa na michirizi ya kutu imeanza kuchoka.

Spana_Kumi:
Ameongea vizuri. Na thamostati rudisha, bila hiyo injini haifiki joto lake inakula mafuta, na kuitoa hakujakusaidia kitu, si umeona mwenyewe. Ukiifunga kile kipini kinachotikisika kikae juu, ndo mlango wa hewa.

Kagari_Kadogo:
Wakuu mrejesho, samahani nilikuwa safarini. Kapeti kavu, mpira wa juu asubuhi laini kabisa. Nikapata gereji yenye hiyo pampu, elfu 20, injini baridi tukapandisha 0.9 geji ikashuka taratibu mpaka 0.5 na chini hakuna tone. Tukamulika tochi nyuma ya injini, mpira wa hita umechanika pembeni ya klipu, tone moja moja, moja kwa moja kwenye eksozi, pale juu pana alama nyeupe za chumvi ya kisima. Mpira na klipu elfu 15!!

Tukasafisha, tukaweka kulanti na thamostati mpya. Kutoa hewa mara ya kwanza tulifeli, tulisahau kufungua hita. Mara ya pili tukapaki pua juu kwenye mlima, hita mwisho, mfuniko wazi, injini sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) tunajaza kidogo kidogo huku tunaminya mpira wa juu, likatoka povu moja kubwa bluup mpaka kijana wa gereji akaruka. Tukasubiri feni iwake na kuzima mara mbili ndo tukafunga. Siku ya 9 leo, rejeta imejaa, na kopo sasa linapanda na kushuka.

Spana_Kumi:
Safi. Mfuniko ulibadilisha?

Kagari_Kadogo:
Mfuniko bado mzee, si unashika tu

Spana_Kumi:
Mfuniko mzima wa 0.9 ukiwa huko Dar maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Ukichoka ni kama hakuna mfuniko, na Iringa kule juu maji yanachemka kwenye 95 hivi. Unarudi lini Iringa?

Kagari_Kadogo:
Ijumaa 😅 naenda kununua saivi