Mrejesho: safari ya kufunga msimu na kuwaaga waliojitolea
Majuma machache yaliyopita niliomba ushauri kuhusu namna ya kuongoza magari 14 ya klabu yetu katika safari ya kufunga msimu bila kupotezana, na namna ya kuwaaga wenzetu wawili waliojitolea kwa miaka mingi. Nawashukuru walionijibu.

Ushauri uliotufaa zaidi ulikuwa kuyagawa magari katika makundi matatu, kila kundi likiwa na dereva anayeijua njia mbele na mwingine nyuma, huku kila mmoja akimwangalia anayemfuata kwenye kioo, hata ikawa hakuna aliyekata kona kwenye njia panda kabla ya kuhakikisha kwamba wa nyuma yake amemwona. Gari kuukuu kuliko yote, ambalo injini yake huchemka kwenye milima, tuliliweka mbele ya kundi lake ili lipange mwendo, ingawa mwenyewe hakufurahi mwanzoni. Upepo wa matairi tuliupima asubuhi yakiwa bado ya baridi, kwa kuwa tairi likishatembea hupata joto na kipimo hupanda. Pancha moja ilituchelewesha, lakini hakuna aliyepotea.

Kuhusu kuaga, tuliacha hotuba ndefu kama mlivyoshauri. Tulifanya hivyo wakati wa mapumziko ya mchana, kabla watu hawajachoka, na kila mwanachama akataja jambo moja alilotendewa na wenzetu hao. Mmoja wao, mtu asiyependa kusifiwa, alijifanya anakagua boneti ya gari lake. Nilichosahau ni makabidhiano ya nywila za klabu, ambayo tuliyakamilisha kesho yake.