Nimesema "the generator is running", jamaa ananiuliza ina miguu!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, yule asiyeweza kukuacha umalize sentensi ya Kiingereza bila kukurekebisha. Leo kanidhalilisha kikao kizima, na mgeni wa makao makuu yupo!

Umeme ulikatika, bosi akauliza kazi inaendeleaje. Nikajibu, "The generator is running." Jamaa akasimamisha andazi hewani: "Running? Ina miguu?" Watu wakavunjika mbavu. Mama wa chai kacheka mpaka kaweka birika chini.

INA MIGUU? Mtu ana digrii! Hilo "run" Waingereza wanalitumia pua ikitoa kamasi, bomba likimwaga maji, mtu akigombea urais, akiendesha duka, hata sukari ikiisha jikoni. Wahariri wa kamusi ya Oxford walipolipitia upya kama kitenzi walifikisha maana 645, likaipiku "set" iliyokuwa na 430 kwenye toleo la 1989. 645! Yeye anajua moja tu, ya kukimbia, na ndiyo kaja kunivua nguo nayo. Ina miguu! Na andazi mkononi!

Mzee wa Kijiwe: Ungesema Kiswahili yangekukuta?

Binti Pangani: Kwani sisi? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na hakuna anayeuliza nani kaumia.

Mleta mada: Mwambie dada! Ina miguu, jamani!

Fundi Volti: Wa kwetu anakaba kwenye "get". Niliandika "I got malaria", akaniuliza nimeipata duka gani.

Mzee wa Kijiwe: Turudi nyuma kidogo. Mgeni wa makao makuu naye alicheka?

Mleta mada: Alicheka. Tena ndiye wa mwisho kunyamaza.

Mzee wa Kijiwe: Hahaha, basi kwisha habari yako.

Jirani wa Tegeta: Wenye jenereta nanyi mnalalamika? Huku giza tangu asubuhi, samaki kwenye friji wameanza kunuka.

Fundi Volti: Usifunguefungue mlango, barafu itakaa.

Jirani wa Tegeta: Barafu gani? Nimeshadeki maji yake.

Mleta mada: Wakuu, mada ni yule jamaa!

Binti Pangani: Jirani, ni samaki gani? Kama vibua, kamulia ndimu ukaange sasa hivi.

Jirani wa Tegeta: Vibua. Gesi nayo imekata, natoka kutafuta mkaa.