Kikundi cha Wakazi wa Mtaa, Goba: kalavati la pale mwembeni

[06:48] Mama Salma: Assalaam alaykum wanamtaa, habari za asubuhi. Kalavati la pale mwembeni, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, limeziba tena. Mvua ya jana haikufika saa nzima lakini maji yamepita juu ya barabara na kula ukingo wa kushoto kama unashuka. Bajaji zinapita kwa kubahatisha. Naomba tuchange elfu kumi kila kaya, tuagize lori tatu za kifusi leo kabla vuli haijachanganya.

[06:55] Baba Kelvin: Naunga mkono mama. Huku juu kuna nyumba inabomolewa, kifusi wanatoa bure. Tutalipia usafiri tu.

[07:03] Injinia: Mama Salma, waalaykum salaam. Nawaomba sana msimwage kifusi cha nyumba pale. Vile ni vipande vya tofali, vigae na plasta, havishikani. Gari likipita, vidogo vinasagika kuwa vumbi na vikubwa vinabaki vimechomoza, katikati yake maji yanapata njia. Halafu mtakuwa mmeinua barabara huku kalavati bado limeziba. Maji yatageukia nyumba za upande wa chini, yakianzia kwa bibi wa kona.

[07:04] Injinia: Pale ugonjwa ni maji, lile shimo limekuja baadaye. Tukiziba shimo peke yake, mvua ya pili italifukua.

[07:09] Baba Kelvin: Sawa Injinia, lakini ile barabara ni ya nani? Nikiuliza TANROADS naambiwa si yao.

[07:17] Dada Wakili: Wamekujibu sahihi kaka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na Kanuni zake za 2009, imegawa barabara kwa madaraja. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, ambayo ipo tangu 2000. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Ile lami ya Goba hadi Mbezi Mwisho ni ya TANROADS. Ukishaiacha lami na kuingia kwetu, uko kwa TARURA, Wilaya ya Ubungo. Barua ikienda ofisi isiyohusika tunapoteza wiki bure.

[07:20] Baba Kelvin: Na tozo tunayolipa kila lita ya petroli inakwenda wapi? Kwa nini tujichangishe tena?

[07:31] Dada Wakili: Swali zuri, na jibu lake ndilo litakalotusaidia kuandika barua. Tozo ya mafuta inaingia Mfuko wa Barabara, una bodi yake, na fedha zinagawiwa TANROADS na TARURA. Sheria ya mfuko inataka angalau asilimia 90 iende kwenye matengenezo na dharura. Ujenzi mpya haupati zaidi ya asilimia 10. Sasa angalieni barua zetu zilizopita: zote zinaomba lami. Ukiomba lami umejipanga kwenye foleni ndefu yenye fedha kidogo. Ukiomba kuzibuliwa kalavati, kurudishwa ukingo na matengenezo ya sehemu korofi, umejipanga kwenye foleni ambayo mfuko uliwekwa kwa ajili yake.

[07:33] Mjumbe: Hili dada umetufungua macho. Barua ya mwezi wa tatu kweli ilisema "tunaomba lami kilomita 1.4".

[07:36] Dada Wakili: Lami tutaiombea kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata ili iingie kwenye mipango. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la Mei limeshachelewa. Kalavati ni dharura, halingoji bajeti. Tusiyachanganye kwenye karatasi moja.

[07:52] Fundi Sele: Mimi niko tayari na vijana wanne kuzibua leo jioni. Tuanzie upande wa juu maji yanakoingilia?

[08:01] Injinia: Hapana Sele, anzieni chini, kwenye mdomo wa kutokea. Mkifungua juu kwanza, maji yaliyosimama yataingia kwa kasi, yasukume mchanga katikati ya bomba na kuushindilia humo, na hapo hamuutoi tena. Anzeni chini, ondoeni mchanga uliojaa mdomoni na mita kama kumi za mtaro mbele yake ili maji yapate pa kukimbilia, ndipo mwingie ndani mkielekea juu.

[08:03] Injinia: Vifaa: majembe ya mpini mrefu, mabeleshi, sululu moja, toroli mbili, na kamba ndefu yenye kipande cha tairi lililokatwa duara. Kamba inapitishwa ndani, wawili wanavuta huku wawili wanalegeza kule, tairi linakuja na mchanga. Bomba lile ni la milimita 600. Mtu asiingie ndani hata awe mwembamba vipi. Mchanga ukiporomoka au maji yakija kutoka juu, hatoki.

[08:04] Injinia: Na taka zisirundikwe ukingoni mwa mtaro. Hapo ndipo kazi za kujitolea nyingi huharibika, mvua ya kwanza inarudisha kila kitu kulekule. Toroli zizipeleke mbali.

[08:10] Mzee Kibwana: Vijana, kalavati hilo linaziba kila mwaka. Kuzibua tu hakutoshi. Kwa nini linaziba?

[08:24] Injinia: Shikamoo mzee. Sababu ziko tatu kwa ninavyoona. Kwanza, mtaro wa juu unashuka kama mita 5 kila mita 100, na udongo wetu ni kichanga. Maji yanakimbia, yanachimba mtaro, yanabeba mchanga, na yakifika kwenye kalavati yanapunguza kasi na kuutua pale. Dawa yake ni vizuizi vidogo vya mawe ndani ya mtaro. Kwa mteremko wa asilimia 5 unaweka kimoja kila mita 20 hivi. Mteremko ukifika asilimia 10 vinasogeana hadi mita 6. Kizuizi kiwe chini katikati, pembeni kimepanda, la sivyo maji yatazunguka na kula ukuta wa mtaro.

[08:26] Injinia: Pili, mtaro hauna pa kupumulia. Kuanzia lami hadi mwembeni hakuna hata mchepuko mmoja wa kutolea maji pembeni, yote yanafika kwenye bomba moja.

[08:29] Injinia: Tatu, mageti yetu. Nimehesabu nyumba kumi na moja zimejaza mtaro udongo ili gari lipande, chini wamelaza bomba la inchi 4. Bomba la inchi 4 linazibwa na mfuko mmoja wa rambo. Maji yakikuta geti yanapanda barabarani, yanachimba barabara, yanarudi mtaroni nyumba ya mbele yakiwa na mchanga mwingi zaidi. Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu linatoka kwetu wenyewe. Kivuko cha geti kinahitaji bomba la milimita 600 au slabu ya zege yenye nondo juu ya mtaro ulioachwa na upana wake wote, na kisichomoze kuingia njia ya magari.

[08:33] Mama Salma: Geti langu ni mojawapo. Nitavunja, naomba tu nielekezwe slabu ya unene gani.

[08:37] Injinia: Asante sana mama. Kwa gari dogo na mtaro wa upana wa sentimita 60, slabu ya sentimita 15 yenye nondo za milimita 12 upande wa chini inabeba. Nondo ziwe chini, mafundi wengi wanaziweka katikati na slabu inapasuka. Igawe vipande viwili au vitatu ili viinuliwe wakati wa kusafisha. Lakini kabla ya kujenga, pata kibali TARURA. Mtaro uko ndani ya hifadhi ya barabara.

[08:41] Baba Kelvin: Hifadhi ndiyo zile mita 30? Basi sisi wote tumekwisha 😳

[08:52] Dada Wakili: Tulia kaka. Mita 30 kutoka katikati ya barabara, yaani 60 jumla, ni za barabara kuu na za mkoa. Kabla ya sheria ya 2007 zilikuwa 22.5 kila upande. Ndiyo maana kuna alama mbili za X zinazopakwa kwenye nyumba: nyekundu ni aliyejenga ndani ya hifadhi bila haki ya fidia, kijani ni aliyekutwa na upanuzi na anastahili kufidiwa. Na zipo sehemu zenye vipimo vyake, kama Kimara kuelekea Kiluvya ambako bomoabomoa ya 2017 ilifuata mita 121.5. Kwa barabara ya mtaa kama yetu, fuata upana ulio kwenye mchoro wa mipango miji wa Manispaa. Usipime kwa hatua zako wala kwa maneno ya dalali.

[08:54] Dada Wakili: Ndani ya hifadhi huruhusiwi kujenga, kuchimba, kuweka kibanda wala kumwaga kitu bila kibali cha mamlaka ya barabara. Hata wanaolaza mabomba na nyaya wanatakiwa kuwa na kibali na kurudisha barabara ilivyokuwa.

[08:58] Fundi Sele: Basi ule mfereji wa bomba uliokatiza barabara karibu na duka la gesi, mkandarasi ameacha umetitia. Kila gari linagonga.

[09:07] Injinia: Alirudishia udongo mkavu kwa mkupuo mmoja. Unatakiwa urudi kwa tabaka za sentimita 15, unyevu wa kiasi, kila tabaka inashindiliwa kwa kompakta, ile mashine ya kushindilia. Unyevu ukitaka kuujua, finyanga udongo kiganjani: ukishikana bila kutoa maji na ukivunjika vipande viwili, umefaa. Ukimwagika kama unga, ongeza maji. Mfereji uliojazwa mkavu lazima utitie mvua ya kwanza. Mjumbe, huo uandikwe kwenye barua peke yake, na tarehe uliyochimbwa. Kazi nyingi zina kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambapo mkandarasi anarudi kurekebisha kwa gharama yake. Tukikaa kimya kinapita.

[09:15] Baba Kelvin: Na malori ya mchanga? Yale ndiyo yanatumaliza. Tuweke magogo njiani au tuta kubwa.

[09:28] Dada Wakili: Kuweka kizuizi au tuta ni kazi ya mamlaka ya barabara, raia hana ruhusa. Gogo likimwangusha mwendesha bodaboda usiku, aliyeliweka ndiye atakayetafutwa.

[09:34] Injinia: Na tuta la udongo linakinga maji, yanatuama na kulainisha barabara. Ila hoja ya malori ni ya kweli kabisa. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, inayotumika kwetu tangu 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele na tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zilizofuatana. Kwa hiyo tipa la matairi kumi, pamoja na uzito wake lenyewe, lisizidi tani 26. Uharibifu hauendi sambamba na uzito, unapanda kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, uzito umeongezeka kwa moja ya tano lakini madhara yamekuwa mara mbili. Na sisi hatuna lami, na udongo juu ya bomba umebaki kiganja. Ukishuka chini ya nusu mita, lori moja linapasua bomba.

[09:37] Injinia: Ombi letu liwe TARURA waweke alama ya kikomo cha uzito.

[09:41] Mzee Kibwana: Mchanga wenyewe wanauchimba mtoni karibu na daraja. Hilo liandikwe pia.

[09:49] Injinia: Naam mzee, tena liandikwe juu. Mchanga ukitolewa karibu na daraja, kitanda cha mto kinashuka, msingi wa nguzo unabaki wazi, na mafuriko yanakula chini yake. Juu daraja linaonekana zima hadi siku linapoketi upande. Dalili za kuangalia: msingi uliokuwa umefukiwa sasa unaonekana, magogo yamekwama kwenye nguzo, ufa mpya mahali daraja linapokutana na barabara, reli za pembeni zimeng'olewa kuuzwa chuma chakavu. Mkiona ufa unapanuka, msingoje barua. Simu ipigwe siku hiyohiyo.

[10:02] Mjumbe: Nimeelewa. Sasa shimo la ukingo tunalifanyaje leo watoto wasitumbukie?

[10:13] Injinia: Mjumbe piga simu TARURA kwanza, waeleze na waombe ruhusa ya kuziba kwa muda. Kwa picha ya Mama Salma nakadiria mita 4 kwa 1.2, kina nusu mita. Hiyo ni mita za ujazo 2.4 zilizoshindiliwa. Moramu, yaani udongo wenye changarawe, ikishindiliwa inapungua, sentimita 20 zinakuwa 15, kwa hiyo agiza mita za ujazo 3.2. Kenta moja iliyojaa, wala si lori tatu. Kwa nje panga viroba vya mchanga vilivyojazwa robo tatu, vipishane kama tofali, ndani rudisha moramu kwa tabaka nne. Mawe yasizidi ngumi ya mtoto. Mwisho barabara iwe na mgongo: katikati ipande, kwa upana wetu wa mita 5 katikati izidi ukingo kwa sentimita 12 hivi.

[10:15] Injinia: Usiku wekeni matairi yaliyopakwa chokaa mita 20 kabla, pande zote mbili. Msiweke mawe makubwa, huwa yanasahaulika njiani kazi ikiisha.

[10:31] Mjumbe: Nimeongea na ofisi ya TARURA, wameruhusu kuzibua na viroba, wanataka barua leo na picha. Namwandikia Meneja, nakala kwa Mtendaji wa Mtaa, Mtendaji wa Kata na Diwani. Michango: kenta moja, viroba 60, maji ya vijana. Elfu tatu kila kaya inatosha.

[10:34] Dada Wakili: Andika jina la barabara, umbali kutoka lami, upande wa kushoto au kulia ukitokea lami, ukubwa wa bomba, vipimo vya shimo, tarehe ya mvua. Weka na alama ya ramani ya simu. Nakala yetu igongwe mhuri wa kupokelewa.

[17:46] Fundi Sele: Mdomo wa chini umefunguka, maji yanapita nusu bomba. Tumekuta maungio ya pili yameachana, udongo unadondokea ndani.

[17:52] Injinia: Hilo ndilo lililokula ukingo. Udongo ulikuwa unanyonywa kupitia kwenye maungio. Piga picha na tochi ukiwa nje, weka tepu pembeni ionekane, mpe Mjumbe. Na malori yasipite juu yake usiku huu.

[17:55] Mjumbe: Naongeza kwenye barua: "maungio ya pili kutoka mdomo wa chini yameachana sentimita..." Sele, ngapi?

[17:58] Fundi Sele: Saba.