Ngiri yangu na nguruwe wa maabara

Baba Zuhura: Wakuu, salaam. Nina ngiri ya kinena upande wa kulia, mwaka wa tatu sasa. Nikibeba gunia la mkaa inatokeza kama limau, nikilala inarudi. Daktari kanishauri upasuaji wa matundu matatu, wanaweka wavu wa kushikilia hapo palipolegea. Kijana wangu kasoma kwamba majaribio yake yalifanywa kwa nguruwe. Mimi Mwislamu. Huo wavu una nguruwe ndani? Na kwa nini mnyama huyo?

Fundi Mifugo: Shikamoo mzee. Miaka miwili nilihudumia nguruwe kwenye maabara ya upasuaji. Tumbo lake ni pana, linapokea kamera na koleo zilezile za binadamu. Kwa panya wavu utashona, lakini kamera utaipitisha wapi? Tulimlaza kwa dawa, tumbo likajazwa hewa ya ukaa, daktari akapachika wavu kwa ndani. Baada ya wiki kadhaa kamera ilirudishwa: wavu umejikunja? Utumbo umegandana nao? Mwishowe anauawa, kipande cha ukuta wa tumbo kinavutwa na mashine mpaka kichanike. Siku hiyo sikuwa nakula. Ni mimi niliyekuwa nawapa pumba asubuhi.

Ila tundu la ngiri kwa nguruwe tulilitoboa sisi, kwenye nyama nzima. Lako limelegea lenyewe kwa miaka. Tena nguruwe ana miguu minne, habebi mkaa. Kwake unaona wavu unavyoshikana na mwili. Kama ngiri itarudi, hilo wanalijua kwa watu.

Wavu wa kawaida ni plastiki, polipropilini. Zipo chache zinazotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, kwa hiyo uliza.

Mjukuu wa Mbarara: Si nguruwe peke yake. Huku Mbarara, Uganda, walitumia mbuzi: neti ya mbu iliyouliwa vijidudu ikalinganishwa na wavu wa kiwandani, matokeo yakachapishwa 2007. Mwaka 2016 yakatoka ya watu, wanaume 302 wa mashariki mwa Uganda. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, wa kundi la neti. Lakini huo ulikuwa upasuaji wa kupasua wazi, si wa matundu. Na msikate neti za vitandani jamani!

Baba Zuhura: Marahaba, Fundi. Mbuzi sina ugomvi naye. Jumatatu nakwenda kliniki. Sisaini mpaka waniambie wavu wa nini. Magunia nimemwachia kijana.