Tupeane uzoefu: Kuingiza maktaba huria kwenye bildi ya kampuni

Mwenye mada

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa sisi tunaoandika programu kwenye makampuni, hasa tunaoshika mashine za bildi, zile zinazogeuza msimbo kuwa programu kamili. Kila mmoja aeleze alivyoingiza maktaba (msimbo ulio tayari kutumika) iliyoandikwa na watu wa nje kwenye mfumo wa ofisi: alipitia njia gani, na baadaye kikafuata nini.

Naanza mimi. Tunatengeneza mfumo wa malipo kwa Java. Desemba 2021 ilipotoka taarifa ya udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ule uliosajiliwa kwa namba CVE-2021-44228, bosi aliuliza swali moja tu: "Tunayo au hatuna?" Kwenye faili letu la Maven, chombo kinachovuta maktaba na kujenga programu za Java, hakukuwa na mstari wenye jina hilo. Tulipoendesha `mvn dependency:tree` tukaikuta ngazi ya tatu chini. Maktaba ya ripoti ilivuta nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyokuja na log4j-core. Tukapanda hadi 2.15.0, ikabainika marekebisho hayajakamilika. Tukaenda 2.16.0, kisha 2.17.0, mwisho 2.17.1, yote hayo kabla mwaka haujaisha. Kilichotusaidia ni kuwa na POM mama moja, yaani faili la Maven ambalo miradi yote inalirithi: toleo liliandikwa sehemu moja, huduma zote zikalifuata.

Tangu hapo kila bildi inatoa orodha kamili ya maktaba zilizomo, hata zile zilizovutwa na nyingine, kwa kutumia CycloneDX. Orodha inatunzwa pamoja na toleo lililokwenda kwa mteja. Bosi akiuliza tena, tunatafuta jina kwenye faili na jibu linapatikana.

Nawasilisha. Karibuni.

Kibatari

Mkuu umegusa penyewe. Niko Dar. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na nadhani wengi hapa wanakumbuka intaneti ilivyokuwa. Sisi tulikuwa na sasisho la kumpelekea mteja Jumatatu. Bildi yetu ya Node (JavaScript) inaanza na kontena tupu, mazingira yasiyo na kitu ndani, kila kitu kinavutwa upya kutoka npm, ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript. Inavuta kidogo, inakwama, muda unaisha, inakufa. Unaiwasha tena, yale yale.

Wenzetu wa timu ya Java kwenye jengo hilo hilo walikuwa na Nexus, programu ya ghala la maktaba, kwenye seva ya ndani. Kila maktaba waliyowahi kuitumia ilishahifadhiwa humo. Bildi zao zikapita bila shida, na mimi nimekaa natazama.

Mambo yalipotulia tukajiunga na Nexus ile ile. Mstari mmoja kwenye `.npmrc`, faili la mipangilio ya npm, kuelekeza ghala la ndani, na kwenye mashine ya bildi tunatumia `npm ci` badala ya `npm install`, ili yaingie matoleo yaliyoandikwa kwenye package-lock.json na si mengine. Hapo nilidhani kazi imekwisha. Kisha tukafunga njia ya mashine ya bildi kutoka nje moja kwa moja, na ndipo vilivyojificha vikajitokeza. Cypress, chombo cha kujaribia tovuti, kwa mfano: kifurushi kiko npm, lakini programu yenyewe nzito hupakuliwa kando wakati wa kusakinisha, kutoka seva nyingine kabisa. Ilibidi tuihifadhi wenyewe na kuielekeza kwa kigezo cha mazingira CYPRESS_INSTALL_BINARY. Anayetaka kujua bildi yake inategemea nini hasa, aikatie intaneti halafu aiwashe.

Mama Bildi

Naongezea kwa Kibatari. Hata mkongo ukiwa mzima, chanzo chenyewe kinaweza kuondoka. Machi 2016 mwandishi wa left-pad, kifurushi kidogo cha JavaScript, aliondoa vifurushi vyake npm baada ya mgogoro wa jina. Mistari 11 tu ya msimbo, na bildi za watu dunia nzima zikaanguka, ikiwemo Babel, chombo maarufu cha kubadilisha msimbo wa JavaScript. Ghala la ndani linakukinga na hilo pia.

Jicho la Tatu

Hamjambo wakuu. Mimi niko Nairobi, kazi yangu ni app za Android. Februari 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kufunga Bintray na JCenter, ghala zake za maktaba mtandaoni. Maktaba zetu nyingi tayari zilikuwa Maven Central, ghala jingine la maktaba za Java, hizo tulibadilisha anwani tu. Mbili hazikuwepo kokote kwingine na walioziandika walishaziacha. Leseni yake ilikuwa Apache 2.0, inayoruhusu kuchukua na kubadilisha msimbo, kwa hiyo tulichukua msimbo, tukaujenga wenyewe, tukaziweka kwenye ghala letu kwa jina la kundi letu ili mtu asizichanganye na zile za asili. Faili la leseni na la NOTICE tuliyabakisha. JCenter baadaye wakaamua kuiacha isomeke tu bila kupokea vitu vipya, lakini sijutii kazi ile. Moja ya hizo mbili tunaitumia mpaka leo, na Android ilipobadilisha masharti tuliweza kuirekebisha bila kumsubiri mtu.

Binti wa Seva

Nashukuru mmetaja leseni, maana hapo ndipo watu wengi hupita haraka. Kampuni niliyokuwepo ilitoa ankara za PDF kwa iText 5, maktaba ya kutengeneza PDF. Wakati wa kuuza mfumo kwa taasisi moja, mnunuzi akaomba orodha ya leseni zote. Kuanzia toleo la 5, iText iko chini ya leseni ya AGPL. Mwanasheria wetu aliisoma hivi: ama tununue leseni ya biashara, ama tutoe msimbo wa mfumo mzima kwa wanaoutumia, hata wanaoufikia kwa mtandao tu.

Tukajaribu PDFBox ya Apache, maktaba nyingine ya PDF. Leseni safi, ila haina majedwali. Kila neno unalipanga mwenyewe kwa vipimo vya ukurasa, na ankara zetu zote ni majedwali. Tukaishia OpenPDF, iliyotokana na iText 4 kwa leseni za LGPL na MPL, zenye masharti mepesi zaidi. Sehemu kubwa ya kazi ikawa kubadilisha majina ya vifurushi juu ya kila faili. Baada ya hapo tuliweka kikagua leseni ndani ya bildi: leseni isiyo kwenye orodha iliyokubaliwa, bildi inasimama na mtu wa sheria anapata taarifa. Watengenezaji walilalamika wiki za mwanzo. Mimi nasema ni bora kulalamika siku unaiingiza kuliko siku ya kusaini mkataba.

Mgeni Hapa

Samahani wakuu, naomba kuuliza. Kwa nini msichukue tu faili la toleo lililotangazwa na wenye mradi, mkalijenga wenyewe? Si ndiyo salama zaidi?

Nanga

Mdogo wangu, swali zuri. Angalia xz, programu ya kubana mafaili, Machi 2024. Kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, hati ya kuamsha mlango wa siri ilikuwa ndani ya faili la toleo lililopakuliwa, haikuwemo kwenye Git ya mradi, yaani ghala la msimbo wenyewe na historia yake. Mhandisi Andres Freund aliigundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo kujenga mwenyewe hakutoshi, inategemea umejenga kutoka wapi. Sisi tunaoandika C tunachukua msimbo kwenye Git, kwa komiti (hatua moja ya mabadiliko) iliyotajwa waziwazi, na heshi yake, yaani alama ya utambulisho, imeandikwa kwenye faili la bildi.

Mgeni Hapa

Asante kaka. Na mkihitaji kubadilisha kitu ndani ya maktaba?

Nanga

Hatugusi msimbo wa asili. Mabadiliko yanakaa kama viraka kwenye folda yake, na bildi inavibandika kabla ya kujenga msimbo. Kila kiraka kina maelezo juu: kinatibu nini, na kimepelekwa kwa wenye mradi au bado. Ukipandisha toleo, kiraka kisichobandika kinakwambia papo hapo kuna kitu kimebadilika. Vingine wenye mradi huvipokea, na toleo lao likitoka tunavifuta kwenye folda. Kwetu vimebaki vitatu, viwili bado tunajadiliana nao.